Sura ya 6: Nchi Ikiwa Vitani, Kuli Anaruhusiwa Kugoma?

Swali hili sijawahi kulisikia likiulizwa kwa upole. Likizuka barazani huzuka hivi: "Wenzao wanakufa vitani, wao wamekaa chini wanadai senti?" Muulizaji keshajijibu. Kichwani mwake yupo askari aliyelala handakini na kuli aliyelala chini ya mwembe, na kati yao meli imetia nanga, haina wa kuipakua.

Picha hiyo ina nguvu, na katika Vita Vikuu vya Pili serikali ya Uingereza iliitumia kuanzia London hadi Kilindini, bandari ya Mombasa. Kasoro yake ni kwamba inamwonyesha kuli akiwa amekaa tu. Haituambii alilala wapi usiku, alilipa kodi ya chumba kiasi gani, wala mchele ulikuwa bei gani asubuhi ile.

Katika sura hii tutaanzia Mombasa, tuvuke hadi kwenye mgodi wa makaa ya mawe kusini mwa Uingereza, kisha tumfuate mchapaji mmoja wa Nairobi ambaye himaya moja ilimweka kizuizini katika mabara mawili. Kabla ya safari, tushike maneno manne:

- Mgomo: wafanyakazi kuacha kazi kwa pamoja ili mwajiri awasikilize. Mtu mmoja akiacha kazi, huyo ameacha kazi tu.
- Usuluhishi wa lazima: pande mbili zikishindwana, serikali huteua watu wa tatu waamue, na uamuzi wao unawafunga wote. Ukigoma shauri likiwa mbele yao, umevunja sheria.
- Kizuizini: aliyefungwa jela ameshtakiwa, amesikilizwa na hakimu, na anajua siku atakayotoka. Aliye kizuizini huenda hana hata moja kati ya hayo matatu.
- Huduma muhimu: kazi ambazo serikali inasema hazipaswi kusimama hata siku moja. Neno hili litazame vizuri, maana ndilo litakalotufikisha mwisho wa sura.

Mombasa kabla ya vita

Watu wengi hudhani migomo ya Mombasa ililetwa na vita. Mgomo mkubwa wa kwanza ulitangulia. Mwezi Julai 1939, wiki chache kabla Uingereza haijatangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 3 Septemba, wafanyakazi wa Idara ya Ujenzi waliacha kazi. Mgomo ukaruka kama moto wa makuti: manispaa, umeme, mafuta, na mwanzoni mwa Agosti ukafika bandarini. Waliogoma wote pamoja walikadiriwa kuwa karibu 6,000.

Kilichowagomesha zaidi kilikuwa nyumba. Mombasa ni kisiwa, na viwanja vyake havikuongezeka kwa vile tu bandari imepanuka. Mtu aliyetoka bara kuja kutafuta kazi alijikuta akilipia nafasi ya kutandika mkeka, tena chumba kimoja na watu watano au sita. Mshahara ulipangwa kana kwamba mfanyakazi ni bachela asiye na mke wala mtoto, na kwamba ana shamba kwao litakalomlisha akichoka.

Tuangalie pia kazi yenyewe ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya makuli walikuwa vibarua. Neno hilo tunalitamka kila siku bila kulisikiliza: kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Alfajiri unasimama langoni. Meli ipo, unachaguliwa, unapata siku yako. Meli haipo, unarudi mjini na njaa yako. Kibarua wa namna hiyo mwajiri alimwona ni nafuu, kwa sababu siku asiyomhitaji hamlipi. Lakini siku kibarua asipokuja, mwajiri naye hana la kumfanya. Huwezi kumfukuza mtu ambaye jana jioni ulishamalizana naye.

Jambo lililowasumbua sana maofisa ni kwamba mgomo ule haukuwa na mwenyewe. Makuli hawakuwa na chama, kwa hiyo hapakuwa na mwenyekiti wa kukamatwa wala katibu wa kuitwa ofisini. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi, maarufu kwa jina la mwenyekiti wake, Willan. Tume ikaenda kutazama, ikarudi na habari ambayo kila mpangaji wa mtaa wa Majengo angeweza kuitoa bure: watu wanakaa vibaya.

Vita vinapanda meza ya chakula

Mwaka 1942 ndio uliobadilisha mambo. Japani iliiteka Malaya, na mpira wa magurudumu ukakatika. Ikaingia Burma, na mchele wa Burma, ambao watu wa pwani yetu waliuzoea, ukakatika. Ikaiteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi, na nyuzi za kamba zilizotoka huko zikakatika, hivyo katani ya Tanganyika na Kenya ikawa mali ya vita. Mwezi Aprili mwaka huo ndege za Japani ziliishambulia Ceylon, na baada ya hapo manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zikahamishia makao yake Kilindini.

Jaribu kulifikiria hilo kwa macho ya mtu wa Mombasa. Mji uliokuwa umejaa sasa umefurika. Mabaharia wana fedha, hivyo kila kitu kinapanda. Shehena zimeongezeka, hivyo kazi imeongezeka. Nguo ya marikani haipatikani, na ikipatikana bei yake haiulizwi. Mshahara uko pale pale. Oktoba 1942 wafanyakazi wa reli waligoma, na mifululizo mingine ya migomo ikafuata Mombasa mwaka ule ule, hadi posho ya kupanda kwa gharama za maisha ikatolewa. Dar es Salaam makuli waligoma Agosti 1943. Huko serikali haikusita: ilisema mgomo huo ni haramu kwa kanuni za vita, ikawakamata wagomaji.

Kanuni za vita ndizo zipi? Mwaka 1939 Bunge la London lilipitisha sheria iliyompa mtawala madaraka ya kutunga kanuni bila kurudi bungeni kila mara, na madaraka hayo yakafikishwa makoloni. Gavana akawa anatunga sheria kwa kalamu yake. Kwa upande wa kazi, kalamu hiyo ilifanya mambo mawili yaliyoonekana kama hayahusiani.

La kwanza, iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika shughuli zilizoitwa muhimu. Kenya ilianza hivyo mwaka 1942, na Tanganyika nayo ikachukua maelfu ya watu kwenda kwenye katani na mpira. La ajabu ni kwamba mengi ya mashamba hayo yalikuwa ya watu binafsi. Mtu alitolewa kijijini kwa amri ya serikali, akaenda kumlimia mlowezi, na faida ikaingia mfukoni mwa mlowezi.

La pili, iliwazuia walioko kazini kugoma, kwa sababu kazi yao nayo ni muhimu.

Neno moja, basi, lilimpeleka huyu shambani kwa nguvu na kumzuia yule asiondoke bandarini. Na wale waliochukuliwa kwa nguvu walikuwa na njia moja tu ya kugoma, nayo ilikuwa kutoroka. Kwa sheria za kazi za wakati ule kutoroka kulikuwa kosa la jinai, na Kenya kulikuwa na kipande cha kumkamatia mtoro. Kipande ni hati ya utambulisho ambayo kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kazi alitakiwa kutembea nayo, mara nyingi ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika alichokulipa, na alipokuachia alitia saini. Asipotia, kwa mwajiri mwingine huendi.

Kwa ufupi: migomo ilitangulia vita, vita vilipandisha bei na kuongeza kazi bila kuongeza mshahara, na sheria ya vita ilijibu kwa kutumia neno "muhimu" kuwashika watu pande zote mbili.

Waingereza wenyewe walifanyaje?

Hapa msomaji makini atasema: labda hiyo ilikuwa dhuluma ya kikoloni tu. Huko kwao walifanya nini?

Walifanya karibu hayo hayo, ila kwa adabu zaidi. Julai 1940 ilitoka Amri Na. 1305. Ilisema mgogoro wowote upelekwe kwa Waziri wa Kazi. Waziri akiupeleka kwenye baraza la usuluhishi, mgomo ni kosa. Na ni pale tu zitakapopita siku 21 bila waziri kufanya lolote ndipo watu wanaweza kugoma kihalali. Waziri mwenyewe alikuwa Ernest Bevin, mtu aliyejipatia jina kwa kuwatetea makuli na madereva, na aliyekuwa kiongozi wa chama chao kikubwa kabla hajaingia serikalini. Vyama vya wafanyakazi vya Uingereza viliikubali amri hiyo. Tofauti na Mombasa ni hiyo: kule waliulizwa. Kuli wa Kilindini hakuulizwa na mtu, na hata angeulizwa hakuwa na chama cha kujibu kwa niaba yake.

Pamoja na kuulizwa huko, Waingereza waligoma. Mwaka 1944 pekee migomo yao ilizidi 2,000, mingi yake ikiwa migodini. Serikali ikaona lazima yupo mtu anayewachochea, ikatunga kanuni mpya Aprili mwaka huo: anayechochea mgomo katika huduma muhimu aweza kufungwa hadi miaka 5. Kanuni hiyo haikuwahi kutumika dhidi ya mtu hata mmoja. Mchochezi alitafutwa sana, na kila alipokaribia kupatikana alikutwa ni bei ya nyama.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote kilitokea miaka miwili kabla, na nitakisimulia taratibu.

Mkataba uliotiwa saini gerezani

Betteshanger ulikuwa mgodi wa makaa ya mawe katika jimbo la Kent, karibu na bahari. Wachimbaji wake wengi walikuwa watu wenye historia: walishakataliwa kazi kwenye migodi ya kwingine kwa sababu ya mgomo mkuu wa 1926, wakaishia Kent. Mwishoni mwa 1941 walipewa sehemu mpya ya kuchimba ambayo mwamba wake ulikuwa mgumu, na malipo yalifuata wingi wa makaa yanayotoka. Mwamba ukiwa mgumu, makaa yanatoka machache, na mshahara unapungua ingawa jasho ni lile lile. Wakadai nyongeza ya ugumu. Msuluhishi akawakatalia. Januari 1942 wakaweka chini sururu. Walioacha kazi walikuwa kama 4,000.

Serikali ikataka kuwafanya mfano. Chini ya Amri Na. 1305, watu zaidi ya 1,000 waliitwa mahakamani. Katibu wa tawi la chama alifungwa miezi 2 na kazi ngumu, na wenzake wawili mwezi 1 kila mmoja. Thelathini na kitu walitozwa faini ya pauni 3, na waliobaki, karibu elfu moja, pauni 1 kila mtu. Asiyelipa, jela.

Ndipo hesabu ilipoanza kukataa. Watu elfu moja wasipolipa, utawaweka jela ipi? Na ukiwaweka, nani atachimba makaa ambayo ndiyo sababu ya kesi yenyewe? Mbaya zaidi, watu pekee waliokuwa na uwezo wa kuwaambia wachimbaji warudi kazini walikuwa ndani, wanatumikia kifungo. Ikabidi ofisa wa serikali anayesimamia migodi, David Grenfell, aende gerezani Maidstone kuzungumza nao. Mapatano yalitiwa saini mle mle gerezani, na yaliwapa wachimbaji karibu yote waliyoyataka. Siku chache baadaye, baada ya kukaa ndani siku 11, wale watatu wakatolewa na mgodi ukafunguliwa. Kufikia Mei, kati ya elfu na zaidi waliotozwa faini, waliolipa walikuwa 9.

Kisa hiki kinatuonyesha jela inaweza nini na haiwezi nini. Inaweza kumweka mtu mahali. Haiwezi kumfanya achimbe. Waingereza walijifunza hilo Kent kwa gharama ya siku kumi na tisa za mgodi kusimama. Swali linalonisumbua mimi ni kwa nini somo hilo halikusafiri hadi huku kwetu. Nadhani jibu lake ni la kusikitisha lakini si gumu: huko, mchimbaji alikuwa na kura na mbunge. Huku, serikali ilikuwa na njia nyingine kabla ya jela, nayo ilikuwa kumhamisha mtu.

Mchapaji wa Nairobi

Makhan Singh alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab, akaja Kenya mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka 13. Baba yake alikuwa fundi seremala aliyekuja kufanya kazi reli, kisha akaanzisha mtambo wa uchapaji Nairobi, na mtoto akakulia kwenye harufu ya wino. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi cha Wahindi. Jambo la kwanza alilolisimamia ni kulitoa neno "Wahindi" kwenye jina la chama na kukifungulia watu wa rangi zote. Leo hilo linaonekana dogo. Katika Nairobi ya wakati ule, ambako hata choo kilikuwa na rangi yake, lilikuwa jambo la kumtia mtu kwenye daftari la polisi.

Mwaka 1937 chama hicho kiliongoza mgomo Nairobi uliodumu siku 62. Waliogoma walipata nyongeza ya mshahara ya kati ya asilimia 15 na 22, na siku ya kazi ya saa 8. Mwaka huo huo serikali ikatunga sheria ya vyama vya wafanyakazi yenye kudai kila chama kisajiliwe. Kusajiliwa kunasikika kama heshima, na kwa sehemu ni kweli. Lakini mwenye daftari la kukuandika ndiye mwenye kifutio.

Desemba 1939 Makhan Singh alisafiri kwenda India. Mei 1940 akakamatwa huko kwa kanuni za ulinzi wa India, ndugu wa kanuni zile zile za Kenya. Hakufunguliwa mashtaka. Alikaa kizuizini, ikiwemo kambi ya Deoli huko Rajputana, hadi Julai 1942. Mwezi huo serikali ya India iliwalegezea kamba Wakomunisti, kwa kuwa Urusi ilikuwa imeshakuwa rafiki wa Uingereza na Wakomunisti wakaanza kuunga mkono vita. Mtu aliyekuwa hatari kwa vita akawa si hatari tena, bila yeye kubadilisha neno lolote kuhusu mishahara. Hata hivyo alipotolewa kambini alipigwa marufuku kutoka kijijini kwao, na marufuku hiyo ilidumu hadi Januari 1945. Ukipiga hesabu, vita karibu vyote alivimaliza akiwa amezuiwa.

Agosti 1947 akarudi Kenya. Serikali ya Nairobi ikajaribu kumrudisha alikotoka, ikashindwa mahakamani. Ikafanya kile serikali hufanya ikishindwa mahakamani: ikatunga sheria nyingine, ya uhamishaji.

Kiwanja cha Maskini

Kabla ya kuendelea naye, turudi Mombasa, maana mwaka ule ule wa 1947 palitokea kikubwa zaidi. Vita vilikuwa vimekwisha. Tume nyingine ilikuwa imeshakuja mwaka 1945 kuchunguza malalamiko ya wafanyakazi na kuondoka. Asubuhi ya tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama: bandari, reli, hoteli, hata watumishi wa majumbani. Waligoma watu wapatao 15,000.

Kila siku walikutana kwenye uwanja ambao wenyewe waliupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo lilipokuwa bunge lao. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha wafanyakazi Waafrika, kikaongozwa na Chege Kibachia, kijana aliyesoma shule ya Alliance. Mgomo ulikwisha baada ya siku 12 hivi, kwa ahadi ya baraza la usuluhishi. Mwenyekiti wa baraza hilo alikuwa jaji aitwaye Thacker, na baraza likaongeza mishahara.

Kisha, Agosti, mwezi ule ule Makhan Singh aliporudi, Kibachia alikamatwa. Alikuwa ameanza kukieneza chama chake hadi Nairobi. Akapelekwa Kabarnet, Baringo, mbali na bahari, mbali na meli, mbali na kila mtu aliyemchagua. Akakaa huko karibu miaka 10.

Tuuone utaratibu wenyewe, kwa sababu ulijirudia:

1. Watu wanalalamika, hawasikiki.
2. Wanagoma.
3. Tume au baraza linaundwa, linakiri kwamba nyumba ni mbovu na mshahara hautoshi.
4. Nyongeza inatolewa.
5. Aliyeyasema hayo kabla ya tume kuyasema anahamishwa wilaya.

Hatua ya 5 ndiyo iliyowashinda wengi kuielewa. Kwa nini umwadhibu mtu ambaye tume yako imemthibitisha? Kwa maoni yangu, serikali haikuogopa madai yake. Madai iliyalipa. Iliogopa kwamba watu wataona nyongeza imetoka kwake, na kesho watamfuata tena.

Kutoka Nyeri hadi Dol Dol

Mei Mosi 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunganisha vyama kadhaa kuwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Kubai rais, Makhan Singh katibu mkuu. Serikali ikakataa kulisajili. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alisimama kudai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei wote wawili wakakamatwa. Kosa mojawapo: kuongoza chama kisichosajiliwa. Msomaji hahitaji kukumbushwa ni nani aliyekataa kukisajili.

Kesho yake Nairobi ikagoma zaidi ya wiki moja, mabomu ya machozi yakarushwa, na viongozi hawakuachiwa. Shauri la kumweka Makhan Singh kizuizini likasikilizwa Nyeri, chini ya ile sheria mpya ya uhamishaji. Jaji aliyelisikiliza ni Thacker, yule yule wa baraza la Mombasa, na ndiye atakayemhukumu Jomo Kenyatta Kapenguria miaka michache baadaye. Makhan Singh akapelekwa Lokitaung, Turkana, baadaye Maralal, mwisho Dol Dol. Aliachiwa tarehe 22 Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na nusu, na hapakuwa na vita vya dunia.

Vita vilikwisha, sheria ikabaki

Uingereza nayo ilichelewa kuiacha silaha yake. Amri Na. 1305 iliyotungwa kwa ajili ya kumshinda Hitler ilikuwa bado inatumika mwaka 1951, Hitler akiwa amekufa miaka 6. Ilifutwa Agosti mwaka huo, baada ya serikali kuwapeleka makuli 7 mahakamani na kesi kuifia mikononi kwa aibu.

Ningependa kuandika kwamba huku kwetu bendera mpya iliyafagia haya yote. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Mwaka 1962 ilipitisha sheria ya migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, kwa hoja kwamba nchi ina vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi. Neno vita limerudi, unaona. Januari 1963 Victor Mkello, rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi na kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, alikamatwa na kuhamishiwa Sumbawanga kwa muda. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, viongozi wengi wa vyama waliwekwa kizuizini, shirikisho likavunjwa, na kikaundwa chama kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Walioyafanya hayo wengi walikuwa watu wema, na baadhi yao wakoloni waliwahi kuwanyima kusema. Simhukumu mtu. Nasema tu kwamba barabara ya kumhamisha kiongozi wa wafanyakazi ilikuwa imeshachongwa, na walipoihitaji waliikuta.

Basi turudi kwa muulizaji wetu wa barazani. Kuli anaruhusiwa kugoma nchi ikiwa vitani? Ninavyoona mimi, akilipwa, akilala mahali pa mtu kulala, na akiwa na pa kupeleka neno lake likasikilizwa kabla hajaweka mzigo chini, unaweza kumwomba asigome, na wengi watakubali. Ukimnyima hayo matatu, unachomwomba ni kwamba agharamie vita vyako kwa sahani ya watoto wake. Mombasa walijibu kunyimwa huko mara tatu katika miaka minane, wakati wa vita na wakati wa amani.

Neno "huduma muhimu" bado lipo, na siku hizi lina orodha. Itafute ya nchi yako uisome. Ya Tanzania, katika sheria ya ajira ya 2004, inataja maji na usafi wa mazingira, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano yake, na usafiri unaohitajika kuziendesha huduma hizo. Kupakua meli hakumo, ingawa ipo kamati yenye mamlaka ya kuongeza. Ya Kenya, katika sheria ya 2007, inataja pia feri. Kwa hiyo ukivuka Likoni kesho asubuhi, mabaharia wanaokuvusha hawaruhusiwi kugoma. Wakiwa na mgogoro na mwajiri, unakwenda mahakama ya kazi. Na kutoka kwenye feri hiyo, ukigeuza shingo upande wa bara, unaziona winchi za Kilindini.